Radim Asiye na Bosi

Mdogo wangu Radim alikuwa fundi lipu, na hapa Opava, mji wetu wa Ucheki, mkono wake unajulikana. Kampuni ya Kadlčík ilimchukua angali kijana, ikampa mwiko, ndoo, gari la kumfikisha kazini na msimamizi wa kumfokea. Ajira tu ndiyo haikumpa. Kama mafundi wote pale, alikata leseni ya biashara, akawa mkandarasi anayejilipia kodi na bima mwenyewe. Nilimwambia huo ni ujanja wa tajiri wa kukwepa gharama. Akanicheka.

"Dada, wewe unaomba ruhusa hata ya kwenda kung'oa jino. Mimi sina bosi."

Bima ya ugonjwa, ile inayokulipa usipoweza kufanya kazi, kwa mwenye leseni ni hiari, na Radim hakuilipia. Alikuwa na nguvu zake, alisema, pesa hiyo bora iende kwenye paa la nyumba.

Wakaguzi wa kazi walipokaribia kuja, Kadlčík aliwapanga mafundi. Kila mmoja aliandika jina lake kwa rangi kwenye vifaa vya kampuni, vionekane ni vyake. Mkaguzi, mama mpole, alimuuliza Radim nani anamwamuru. Akajibu haamriwi na mtu, huja akitaka. Jioni wenzake walimnunulia bia, na kisa hicho alikirudia mpaka Krismasi.

Januari mashine ya kuchanganyia lipu ilimvuta mkono wa kulia. Vidole vitatu vilikwenda.

Kadlčík alisema anasikitika sana, lakini aliyeumia ni mkandarasi, tena kwa mashine yenye jina lake mwenyewe. Wakili akatuambia bado kuna njia: apatikane fundi wa kuthibitisha kwamba walikuwa wakiamriwa kama waajiriwa. Ila Radim angeweza kupigwa faini kwa kushiriki ajira ya kificho, na huyo shahidi pia.

Bořek, mwenzake wa miaka yote, alikuja jikoni kwangu. Hakuvua koti. Radim alimwomba huku akilia, na mimi sikuwahi kumwona akilia hata tulipomzika mama.

"Ndugu yangu, nikisema kweli, Kadlčík ananifukuza," Bořek akasema. "Na hata hatanifukuza. Ataacha tu kunipigia simu, basi."

Nilitamani kumrushia sufuria ya kabichi. Lakini alikuwa na watoto wanne, na alichosema hakikuwa uongo. Radim akamsindikiza mpaka mlangoni.

Michango ya lazima ya mwenye leseni haikungoja kidonda kipone, na akiba ya paa ikaishia huko. Machi Kadlčík akaja na chupa ya pombe ya plamu. Alihitaji mlinzi wa geti, kwa leseni ileile. Radim akauliza aanze saa ngapi.

"Hilo juu yako, wewe ni mtu huru," akasema Kadlčík. "Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa, usije tena."

Radim akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Karatasi ya mkataba ilikuwa inateleza mezani, nikamshikia.