Upinde wa Mti Mbichi

Kabula Masunga, binti wa mchonga pinde, aliushika upinde wa bei nafuu mnadani Bariadi, hasira zikampanda. Ulikuwa mzito, umepakwa oili chafu ung'ae. Wiki hiyo mwanawe Shija alikuwa anaanza lindo la sungusungu, kuwakabili wezi wa ng'ombe.

Aliuvuta mara tatu, akafungua kamba. Ukabaki umepinda badala ya kunyooka.

"Mti mbichi huu! Umekatwa juzi!"

"Mayu, mama yangu, kwa bei hiyo ulitaka chuma?" muuzaji akamcheka.

"Nataka mwanangu arudi nyumbani mzima. Haya, piga mshale wewe!"

Muuzaji akaufunga kamba, akapiga. Mshale ukadondoka miguuni pa mbuzi, hatua kumi tu.

"Huyo mbuzi amekufa kwa kicheko," Kabula alifoka, akaondoka kwenda kumnunulia Shija mkuki.