Bi Zdravka na Orodha ya Watu Kumi na Wawili

Bi Zdravka Tsenova hajawahi kufundisha hata somo moja, lakini kwa miaka kumi na minne hakuna cheti kilichotoka katika kitengo chetu bila kupita mikononi mwake. Watu wa mji wetu wakisikia neno chuo wanawaza maprofesa. Mimi pia niliwaza hivyo siku niliyoajiriwa kuwa msaidizi wake. Nilikuwa na shahada mpya na kichwa kilichojaa maneno kuhusu elimu kwa wote, nikamkuta mwanamke mfupi mwenye miwani kwenye kamba, kapiga magoti chini ya meza, anachomoa karatasi iliyokwama kwenye mashine ya kuchapia.

"Wewe ndiye Ognyan?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Nishikie hapa. Usivute. Nimesema usivute!"

Kitengo chetu kinaitwa Kituo cha Elimu Endelevu na Masomo ya Mtandaoni. Ni vyumba vitatu chini ya bweni la zamani, hapa kwenye pembe ya kaskazini-magharibi mwa Bulgaria, karibu na mto Danubi. Juu yetu ghorofa nne ni tupu, kwa sababu vijana waliopaswa kulala humo wako Ujerumani na Hispania. Waliobaki ni wazazi wao, na hao ndio wanafunzi wetu: wahasibu, wauguzi, mafundi umeme, watu wa miaka hamsini wanaotakiwa ghafla kuwa na karatasi ya kuthibitisha kazi waliyoifanya maisha yao yote.

Kazi ya Bi Zdravka ni kuhakikisha kila kitu kinatokea. Nani anafundisha, lini, kwa mkataba gani. Nani kasahau neno la siri. Chumba kipi kina joto wakati wa baridi. Nani hajatia sahihi, na muhuri uko wapi. Kabla ya hapo alikuwa mpangaji wa zamu katika kiwanda cha matairi, watu mia nane, mashine usiku na mchana. Kiwanda kilipofungwa ni yeye aliyemkabidhi kila mfanyakazi kitabu chake cha kazi, chenye rekodi ya miaka yake yote ya ajira, mmoja mmoja, siku tatu mfululizo. Kitabu cha mwisho kilikuwa chake, akajikabidhi.

"Zamani nilipanga watu na mashine," huwa anasema. "Sasa napanga watu na saa. Tofauti ni kwamba mashine zilikuwa zinakuja kwa wakati."

Ukutani kwake kuna karatasi ya miraba ya mita mbili. Kila kozi ina mstari wake uliochorwa kwa penseli, na kozi ikishafunguliwa mstari unapakwa rangi. Nilimcheka.

"Bi Zdravka, mfumo wa kompyuta unafanya hayo yote."

"Mfumo nikiuzima unanyamaza. Ukuta haunyamazi."

Kitu kimoja nilikichukia kwa moyo wote, nacho ni sheria ya kumi na wawili. Kozi yoyote ikiwa haijapata watu kumi na wawili waliojithibitisha kwenye mfumo kabla ya Ijumaa saa sita mchana, siku kumi kabla ya kuanza, haifunguliwi. Niliona huo ni ukatili wa makarani. Mtu mmoja mwenye kiu hapewi maji kwa sababu wenye kiu hawajatimia dazeni? Nilisema hivyo mara nyingi, kwa sauti kubwa, na yeye aliendelea kuchonga penseli zake.

Ikaja kozi ya kuwahudumia wazee majumbani. Manispaa ilitangaza kwamba kuanzia Oktoba mosi, msaidizi yeyote anayekwenda kumwogesha, kumlisha na kumpa dawa mzee nyumbani kwake lazima awe na cheti. Asiye nacho mkataba wake haufanywi upya. Masomo yangekuwa ya mtandaoni, na mazoezi siku za Jumamosi. Wanawake kumi na wanne walikuja wenyewe dirishani, wengine wamevaa kama wanakwenda kanisani, kila mmoja na fomu yake na sanduku la chokoleti. Bi Zdravka alizipanga chokoleti juu ya dawati ili kila anayeingia ale, akawaandika wote.

Alhamisi ya mwisho wa Agosti nilifungua mfumo. Waliojithibitisha walikuwa watatu.

Nikapiga simu. Hakuna aliyepokea. Mwisho wa Agosti kwetu hakuna anayepokea simu, kila ua unachoma pilipili hoho za msimu wa baridi, mikono imejaa maganda meusi, na moshi wake unaingia mpaka ofisini. Mmoja tu ndiye aliyeitika.

"Kujithibitisha? Mwanangu, mimi nilikuja mwenyewe! Bi Zdravka kaniandika mbele ya macho yangu. Nijithibitishe tena, amesahau sura yangu?"

"Ulitumiwa barua pepe, mama. Ina kitufe cha kubonyeza."

"Sijaona barua yoyote."

Bi Zdravka alinisogeza, akavaa miwani, akaanza kusoma anwani walizoandika kwenye fomu. Alisoma ya kwanza, ya pili, ya tano. Kisha akaegemea kiti akacheka mpaka machozi.

"Ogi, hebu tazama. Desi wa Valencia. Huyu hapa Plamen wa Munich. Hawa si wanawake wetu, hawa ni watoto wao!"

Ndivyo ilivyokuwa. Hapa kwetu mtoto kabla hajapanda basi la kwenda ughaibuni humfungulia mama yake simu, na chochote kinachodai barua pepe hukijaza kwa ile ya kwake. Mama akiulizwa barua pepe yake ni ipi, anatoa kikaratasi pochini na kuinakili kwa uaminifu. Barua zetu kumi na moja zilikuwa zimetawanyika Ulaya nzima.

"Basi rahisi," nilisema. "Mimi nina ruhusa ya kuingia kwenye mfumo. Niwathibitishe wote sasa hivi, dakika mbili. Tunajua wanataka!"

"Toa mkono kwenye hiyo kompyuta."

"Bi Zdravka, hawa watakosa kazi kwa sababu ya kitufe! Sheria gani hii? Aliitunga nani?"

"Niliitunga mimi."

Nikaondoa mkono kwenye kompyuta. Akafungua sanduku la chokoleti, akanipa moja kama anayemtuliza mtoto.

"Mwaka wangu wa pili hapa tulifungua kozi ya watu wanane kwa huruma. Wawili waliandikishwa na binamu yao, hata hawakujua. Wiki ya tatu walibaki watano. Mwalimu akapata kazi mjini Vratsa, na kwa watu watano chuo hakikuleta mwingine. Wale watano walisoma nusu ya kozi, na nusu ya kozi haina cheti. Mmoja wao mpaka leo akiniona anavuka barabara. Kwa hiyo nahitaji kumi na wawili, na kila mmoja kwa kidole chake. Asiyekuwapo na lake halipo. Sasa chukua simu, tunapiga Hispania."

Mchana wote uliobaki tuliwapigia watoto wa watu. Desislava, yule Desi, alipokea akiwa kazini Valencia, nyuma yake vyombo vinagongana.

"Barua ya chuo? Mimi nilidhani matapeli! Mama anasoma? Mama yangu mimi, asiyesoma hata maelekezo ya dawa?"

"Huyo huyo," alisema Bi Zdravka. "Mtumie hiyo barua kwenye simu yake, abonyeze mwenyewe. Usimbonyezee. Na usimcheke."

"Simcheki, Bi Zdravka." Akashusha sauti. "Kasema lini kwamba anataka kusoma?"

"Muulize yeye."

Ijumaa saa nne asubuhi walikuwa kumi na mmoja. Wawili walikuwa wamejitoa: mmoja kapata kazi Italia, mwingine kabadili mawazo. Alibaki Ginka Kamenova, na anwani aliyoandika ilikuwa ya mwanawe Mladen, aliye Stuttgart, Ujerumani. Nilipompigia Ginka aliniambia neno moja tu, "Usimpigie Mladen," akakata.

Bi Zdravka alichukua mkoba wake, akatia fomu mbili na kalamu. "Washa gari."

Tulimkuta uani katikati ya moshi, kilemba kichwani, anamenya pilipili na kuzipanga kwenye chupa pana za kioo. Hakusimama.

"Mmekuja kula au kunipigia kelele?"

"Tumekuja kuhesabu," alisema Bi Zdravka. "Umebaki wewe tu, Ginka. Kwa nini mwanao asikutumie barua?"

Ginka alimenya pilipili mbili nzima kabla ya kujibu. Mladen, alisema, anaamini mama yake amepumzika. Miaka mitatu iliyopita alimwambia, mama, hutaosha tena watu, mimi nipo. Naye akakubali, kwa simu. Lakini asubuhi ile ile alikwenda kwa mzee Tseko mwenye miaka tisini na moja, ambaye hakubali kijiko kutoka kwa mtu mwingine, na hajaacha kwenda mpaka leo.

"Barua yenu hajaifungua, maana hajaniuliza kitu. Akijua ataona aibu. Atasema watu wa Stuttgart watamwona mwanamume gani huyu, mama yake anafua mashuka ya wengine." Akafuta paji la uso kwa kiwiko. "Na nikiacha, Tseko nimwambie nini? Kwamba nimeshindwa na barua?"

Mimi nilikuwa tayari nimefungua kinywa kutoa hotuba. Bi Zdravka alinitazama mara moja, nikakifunga.

"Sikiliza, Ginka. Saa sita nafunga orodha. Ukiwa nje, kumi na mmoja wenzako wako nje na wewe."

"Hutafunga."

"Nitafunga."

"We Zdravka! Hata kiwandani ulikuwa jiwe."

"Na wewe hata kiwandani ulikuwa unachelewa zamu ya asubuhi. Simu unayo?"

"Ninayo. Alinipa Mladen. Naangalia hali ya hewa tu."

"Nawa mikono. Tunakufungulia anwani yako mwenyewe, isiyo ya Mladen."

Ginka alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango aliokuwa akiusukuma hufunguka kwa kuvutwa. Akanawa mikono mara mbili, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Jina lake lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine.

"Kuna Ginka Kamenova mwingine? Wa wapi huyo?"

"Shangazi, weka mwaka wako wa kuzaliwa mwishoni," nilisema.

"Ili dunia nzima ijue umri wangu? Weka namba ya nyumba. Kumi na saba."

Alipofika kwenye neno la siri alianza kulitamka, na Bi Zdravka akampa mgongo haraka. "Usituambie! Hilo ni lako. Ogi, na wewe geuka." Tukasimama wote wawili tukitazama banda la kuku mpaka aliposema tayari. Kisha akatia sahihi fomu ya kubadili anwani, ameiegemeza juu ya kifuniko cha chupa ya pilipili, na mimi nikaiingiza kwenye kompyuta ndogo nikiwa nimekaa kwenye buti la gari, ambako mtandao ulikuwa unashika. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Barua ilifika, ikalia kwenye simu yake. Ginka akaanza kuisoma, yote, kuanzia jina la chuo, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Dakika zikapita. Alisoma aya ya ulinzi wa taarifa binafsi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuisoma. Nikaitazama saa ya kompyuta.

"Shangazi, kitufe kiko chini kabisa..."

"Mwache asome," alisema Bi Zdravka. "Ni barua yake ya kwanza."

Saa tano na dakika hamsini na moja alibonyeza. Kwenye kompyuta yangu kumi na moja ikawa kumi na mbili. Nilipiga kelele, kuku wakatawanyika. Bi Zdravka alichukua pilipili moja iliyomenywa, akainyunyizia chumvi akala.

"Hii imeungua upande mmoja," alisema.

"Kwa sababu yenu!"

Jumatatu nilimkuta amekwisha paka mstari wa kozi ile rangi ya kijani. Nikadhani sasa ndipo tutazungumza kuhusu kulegeza sheria. Hakuigusa, bado ni kumi na wawili mpaka leo, na siku hizi mimi ndiye ninayewaeleza wapya kwa nini. Alichobadili ni fomu. Chini ya nafasi ya barua pepe kuna mistari miwili mipya: *Anwani hii ni ya nani? Je, unaifungua mwenyewe?* Anayejibu hapana anakalishwa dirishani, anafunguliwa ya kwake kabla hajaandikwa. Inachukua robo saa kwa mtu mmoja. Ofisi kuu ililalamika kwamba tunapoteza muda, naye akawajibu kwa sentensi moja ambayo sitaiandika hapa.

Wote kumi na wawili walimaliza. Siku ya vyeti Ginka alichukua chake, akakagua muhuri, kisha akaja kwangu akauliza picha inatumwaje ndani ya barua pepe. Nikampiga picha amesimama mbele ya ukuta wa miraba, cheti kifuani. Akaniamuru nigeuke, akaandika mwenyewe, akatuma Stuttgart.

Wiki moja baadaye alipita na chupa ya pilipili za siki.

"Mladen kajibu?" aliuliza Bi Zdravka.

"Kajibu."

"Kakasirika?"

"Kwanza alikasirika. Siku mbili. Halafu akaniuliza mzee Tseko anaendeleaje." Ginka aliiweka chupa juu ya dawati, palipokuwa pakikaa chokoleti. "Sasa ananiandikia kila Jumapili. Mimi najibu Jumatano, nikipata nafasi. Nina kazi."