Optimaiza za Mkwe wa Loisi

Loisi wa kijiji cha Mpemba hakuwa mtu wa kubabaishwa. Mjane, mzaliwa wa Ileje, alitotolesha vifaranga kwa mashine ya umeme wa jua, na wafugaji wa mbali hadi Galula walipanda pikipiki kuvifuata. Mwaka 2014 jirani akainua ghorofa. Ikifika saa nane, kivuli chake kinalalia paneli moja kati ya sita, na hiyo moja inazivuta zote chini, maana zilifungwa kwa kufuatana. Betri hazijai, alfajiri mashine imepoa, mayai yanafia ndani.

Basi Ipyana, fundi sola aliyemwoa binti yake Gloria, akasema dawa ipo: optimaiza, visanduku vya kufunga nyuma ya kila paneli, ili inayopigwa na kivuli ilegee peke yake, nyingine ziendelee na kazi. Loisi akauza maksai wawili, akampa mkwewe akaviagize Dar es Salaam. Angemwamini nani mwingine, jamani? Mkwe si mtoto?

Siku ya kufunga, Loisi alishika adabu ya kwao: mkwe akiwa uani, mama mkwe hamkodolei macho. Alijitanda khanga, akaenda kwa jirani kupukuchua maharage mpaka jioni. Aliporudi akaona visanduku sita vyeusi, akamshukuru Mungu.

Akatia mayai mia tatu. Siku ya ishirini na moja ikapita, hakuna kilichogonga ganda. Alipasua moja baada ya jingine, yote yananuka. Ipyana akatuma neno kupitia Gloria kwamba mayai yalikuwa mabovu. Mabovu! Mayai ya kuku wake mwenyewe!

Ndipo akamwita Osward, fundi wa Tunduma mjini. Osward alipanda juu, akafungua kisanduku. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea: ndani mlikuwa na udongo tu, wa kukipa uzito.

"Vyote viko hivi, mama," alisema. "Vya kweli nadhani vilishavuka mpaka, vikauzwa Nakonde."

Loisi akachota udongo ule. Akaenda kwa Gloria vile vile, udongo kiganjani.

"Ulijua?"

Gloria akainamisha uso. "Alisema mama hawezi kutoka kumwangalia mkwewe akifanya kazi."

"Adabu yangu ndiyo mliyoifanya pazia! Na wewe, mwanangu wa kumzaa, ulimjibu nini?"

"Nilimshikia ngazi, mama."