Nyimbo Mia Nne za Masikio

Ukimwona Masikio akipita barabarani na kompyuta yake kwenye mkoba wa kifuani, utadhani amebeba mtoto mchanga anayempeleka kliniki. Mkono mmoja unaukinga mkoba kwa chini, mwingine unasukuma watu kwa adabu: samahani mama, samahani kaka. Kazi yake ni kupiga muziki kwenye shughuli za mchana: harusi, mahafali, kuaga wastaafu. Jina la Masikio alipewa na mafundi wa jukwaa miaka kumi na tisa iliyopita, alipowaambia kwamba spika moja kati ya nane ina skrubu inayocheza. Walibisha, wakacheka, wakaifungua. Skrubu ilikuwa inacheza kweli. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu.

Ninakusimulia habari zake kwa sababu mwaka huu jina hilo nusura limsute.

Iko hivi. Wapiga muziki wengi huupiga wimbo kama ulivyo. Masikio haamini hivyo. Kwake yeye kila wimbo una ugonjwa wake. Wimbo wa zamani uliotolewa kwenye kanda huwa na kifua chembamba, unataka besi kidogo. Wimbo wa juzi huja na besi ya kutikisa sahani mezani, huo unataka kupunguzwa. Kuna na ule unaoimba kama umefunikwa na sufuria, na dawa yake ni kuuongezea sauti za juu, zile za matoazi na herufi s. Zamani aliyafanya haya papo hapo, vidole kwenye vitufe vitatu: chini, kati, juu. Kisha akapata programu mpya inayomwezesha kuupangia kila wimbo ikwalaiza yake peke yake, yaani kiasi chake cha chini, kati na juu, na programu inakumbuka. Hata ukiurudia wimbo baada ya mwaka, unaukuta umevaa vilevile ulivyouvisha.

Wiki ileile aliyoipata programu, mama mkwe wake alikuja kukaa nao.

Huyu mama alikuwa mshonaji wa makochi na mapazia kwa miaka thelathini. Amestaafu, lakini mikono yake haijapata taarifa. Siku ya tatu tu Masikio alimkuta sebuleni kapiga magoti, anazipima kwa futi spika mbili kubwa anazotumia kwa mazoezi ya nyumbani. Jumapili zilikuwa zimeshavalishwa: mahameli nyekundu iliyokolea, pindo jeupe, kila kona imekaa sawasawa.

"Vumbi, mwanangu," alisema mama mkwe. "Vumbi ndilo linaloua vyombo."

"Zimependeza sana, Mama. Asante."

Na zilipendeza kweli. Zilikaa pembeni mwa sebule kama mabibi wawili wanaosubiri kukaribishwa chai. Kuzivua? Nani avue nguo aliyoishona mama mkwe, tena mbele ya macho yake?

Basi kila alasiri Masikio aliketi mbele ya mabibi wale, akaanza matibabu. Hedifoni hakutumia. Yeye husema kupangia wimbo kwa hedifoni ni sawa na kuonja mchuzi kwa kijiko cha dawa: utajua chumvi, lakini hutajua mlo. Wimbo lazima utembee hewani ndipo uujue. Akaweka wa kwanza. Mzito, umeziba. Akaongeza juu. Wa pili, hivyohivyo. Wa tatu, ndiyo kabisa.

"Kumbe nyimbo zangu zilikuwa zinaumwa namna hii!" alimwambia mkewe. "Hii programu imenizibua masikio."

"Wagonjwa wote hao wana ugonjwa mmoja?" mkewe aliuliza, huku anapiga pasi.

"Ni mlipuko, mke wangu. Mlipuko."

Miezi miwili ilipita. Alitibu nyimbo mia nne na kumi na mbili.

Shughuli ya kwanza baada ya matibabu ilikuwa ya kumuaga mwalimu mkuu aliyestaafu, kwenye ukumbi wa shule, saa nane mchana. Spika za kukodi, mpya, zimesimama mbele zikiwatazama wageni. Masikio yuko nyuma ya spika, mahali pa kawaida pa mpiga muziki. Aliweka wimbo wa kwanza. Akamwona mama wa meza ya keki akikunja uso. Wimbo wa pili, wageni wa safu ya mbele wakavuta viti nyuma. Wa tatu ulipofika kwenye kiitikio, mwalimu mkuu mwenyewe akachukua kitambaa cha karatasi mezani, akakichana vipande viwili, akaziba navyo masikio.

"We DJ!" mwalimu mmoja alipaza sauti. "Huo ni muziki au unakata mabati?"

"Mwalimu mkuu amestaafu, hajahukumiwa!" mwingine akadakia, ukumbi ukaangua kicheko.

Masikio alicheka nao, maana usipocheka utalia. Akashusha kile kitufe cha juu kwa wimbo mzima. Viti vikarudi mbele, mwalimu mkuu akatoa vitambaa vyake, watu wakaanza kucheza. Lakini kule nyuma Masikio alikuwa amelowa jasho. Kwake yeye muziki ulikuwa umekufa. Aliusikia kama mtu anaimba ndani ya kabati. Kilichowakera wageni yeye alikisikia kizuri, na kilichowapendeza alikisikia kimezimika. Sasa hapo mwenye kosa nani?

Ili uielewe hofu yake, lazima nikwambie habari za baba yake. Mzee yule aliendesha mashine ya kusaga nafaka. Alipofika miaka arobaini na saba, hakuwa anasikia kitu. Na hakuanza kwa kishindo. Alianza kutosikia ndege asubuhi, kisha kengele za baiskeli, kisha sauti za watoto. Vile vya juu ndivyo vilivyotangulia kuaga. Masikio alikuwa na miaka arobaini na sita na nusu.

Shughuli nyingine ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na haikuwa ya mteja. Ilikuwa harusi ya mpwa wake. Jumatatu alimpigia simu dada yake.

"Dada, mtafutieni DJ mwingine."

"Mwingine yupi? Umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu."

"Basi umekula nini asubuhi?"

Masikio aliihamishia simu kwenye sikio la pili, kulijaribu nalo.

"Sikiliza," dada yake alisema, sauti imeshuka. "Huyu mtoto tangu ana miaka sita anasema mjomba ndiye atakayenipigia. Kama huji kupiga, njoo umwambie mwenyewe. Mimi simo."

Jioni hiyo alimwambia mkewe yote. Mkewe hakulia wala hakumbembeleza. Aliomba ruhusa kazini, na kesho yake asubuhi wakawa kwenye benchi la kliniki ya masikio, bega kwa bega.

Walimwingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakampa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Mpimaji alikuwa dada mchangamfu aliyekuwa upande wa pili wa kioo. Masikio alifumba macho, roho mkononi. Ti. Akabonyeza. Ti, kwa mbali. Akabonyeza. Mwisho milio ikawa myembamba kama uzi wa buibui, naye anabonyeza tu, hana hakika kama anasikia au anaomba.

Mpimaji alitoka na karatasi. "Baba, haya masikio ulikuwa umeyahifadhi wapi?"

"Yameharibika kiasi gani?"

"Yameharibika? Mwishoni ulikuwa unabonyeza milio ambayo mimi mwenyewe siisikii. Nilidhani unanitania, nikazima mashine. Ukaacha kubonyeza."

"Rudia tafadhali."

"Nirudie kusema au nirudie kupima?"

"Vyote."

Alirudia vyote. Majibu yakawa yaleyale. Masikio alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu ukumbi wa shule. Kwenye korido alisimama, akasikiliza: kandambili za mgonjwa, funguo za mlinzi, feni iliyokosa mafuta. Vyote vyake. Mkewe alimpa leso bila kumtazama usoni, akasema, "Futa, watu watadhani nimekupiga."

Njiani kurudi swali likabaki moja. Kama si masikio, ni nini?

Walipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa uani anafua. Masikio hakungoja hata kuvua viatu. Alifungua kompyuta, akaweka wimbo wa kwanza kati ya zile mia nne.

Lo! Sauti ilitoka kama msumeno kwenye bati. Paka wa jirani alitoka chini ya kochi akapita dirishani. Mkewe akaangusha sahani. Masikio aliruka, akazima, akabaki anazitazama spika zake. Zilikuwa uchi.

Taratibu aligeuza shingo kuelekea uani. Kwenye kamba, yale mavazi mekundu yalikuwa yananing'inia, mazito, kamba imepinda katikati. Alitoka akalishika moja. Nje mahameli. Akalipindua. Ndani sponji. Katikati ya mahameli na sponji kuna kitu kingine, akakipapasa.

"Mama," alisema polepole. "Vumbi gani hili linalohitaji blanketi?"

Mama mkwe aliacha kufua. Povu lilimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Ni mawili," alisema. "Mablanketi."

"Mawili?"

"Mwanangu, acha nikwambie ukweli, nimechoka kuubeba. Chumba changu na sebule vinagawana ukuta, na mchana ndio usingizi wangu. Ningekwambiaje punguza? Nyumba ni yako, na kazi ndiyo inayokulisha wewe na binti yangu. Nikaona nishone." Kisha akaongeza kwa masikitiko, "Na hata hivyo besi ilikuwa inapita tu."

Mkewe alikuwa wa kwanza kucheka, akiwa ameshika mlango. "Kikulacho ki nguoni mwako, Masikio! Ki nguoni hasa!" Masikio naye akacheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mama mkwe akawatazama wote wawili, na alipoona hakuna hasira, naye akaanza, kwanza kwa mabega.

"Mbona hukuzivua?" aliuliza.

"Nikuvunjie heshima?"

"Haya mambo ya heshima yatatuua!"

Kulikuwa na njia ya mkato: programu ina kitufe cha kurudisha nyimbo zote kama zilivyokuja. Masikio aliikataa. Ndani ya zile mia nne kulikuwa na wagonjwa wa kweli, zile za kanda, alizozipa besi kwa haki kabisa. Basi wakaanza upya, spika zikiwa uchi. Mkewe anasoma majina kwenye orodha ya harusi, yeye anashusha, anapandisha, anasikiliza. Mama mkwe, ambaye mchana ndio usingizi wake, hakwenda kulala. Alivuta kiti.

"Huo bado unakwaruza."

"Hapa je?"

"Shusha kidogo. Hapo. Hapo sasa hata mtu anaweza kusinzia."

"Mama, ni harusi."

"Basi pandisha nusu ya hiyo."

Na alikuwa sahihi mara nyingi kuliko alivyokosea. Hadi Ijumaa jioni walikuwa wamemaliza nyimbo mia na sitini, za kutosha harusi moja na ziada.

Jumamosi saa nane mchana Masikio alisimama nyuma ya spika za kukodi. Bibi harusi aliingia na kumpungia mjomba wake mkono kabla hajampungia mtu mwingine. Masikio aliweka wimbo wa kwanza. Safari hii hakubaki nyuma kama sanamu, kwani nyuma ya spika sauti za juu hufika zimefifia, ndiyo maana kule shuleni alisikia tofauti na wageni: alimwachia mkewe kompyuta, akazunguka mpaka mbele, akasimama katikati ya viti, akiwatazama wageni mikono, aone kama kuna atakayeziba masikio. Mikono ya safu ya mbele ilikuwa inapiga makofi. Ya mezani ilishika glasi. Dada yake alishika kiuno cha mumewe.

Kisha akaona mkono mmoja, kwenye meza ya wazee, unapanda. Wa mama mkwe. Ulipita shavuni, ukaenda moja kwa moja sikioni. Masikio aliinua mkono kumwashiria mkewe ashushe.

Mama mkwe alikigusa kipuli chake, akakiweka sawa, akainuka kucheza.