Betri Sitini na Moja za Damari wa Manyoni

“Weka chini! Usiibonyeze, mwalimu, weka chini polepole kama unaweka yai!”

Damari Peniel hajasalimia, na Manyoni nzima inajua Damari hakosi kusalimia. Ni saa nne asubuhi, kibandani kwake jirani na stesheni. Mlangoni amesimama mzee wa koti la kijivu, amepakata kompyuta mpakato iliyotuna katikati kama andazi. Ubavuni mwa kompyuta kamoshi kembamba kanachungulia.

Mzee anaiweka. Damari ananyakua karai la mchanga mkavu lililokaa chini ya meza miezi kumi na moja likingoja siku kama hii. Anaisukumia kompyuta ndani kwa ubao, anatoka nalo mpaka katikati ya ua, anaifukia. Inafoka, shwaaa! Harufu kali kama ya rangi ya kucha inasambaa, mzee na jirani mmoja wanarudi nyuma wakigongana. Halafu kimya.

Damari anajipangusa mikono, anageuka.

“Shikamoo, mwalimu. Samahani, nimekuvunjia adabu.”

“Marahaba, mwanangu,” anajibu Mwalimu Fabiano. Ametoka nayo kijijini Mkiwa, kwenye basi, mapajani njia nzima!

Ilivimba lini? Wiki iliyopita. Akafanyaje? Hapo mwalimu anaangalia viatu vyake.

“Nikasema niikandamize irudi. Nikaiweka stoo, chini ya gunia la alizeti. Siku tatu.”

“Gunia moja?”

“Mawili.”

Ignas, muuza vocha wa kibanda cha pili, anashika tumbo. “Mwalimu alitaka kuikamua mafuta!”

Damari hacheki. Yeye anaiona ile stoo: magunia mpaka juu, mashudu pembeni, sakafu imelowa mafuta. “Mwalimu, ingewakia mle ndani, leo tungekuwa kwako na vyakula vya msiba.”

Fundi huyu wa miaka 33, mzaliwa wa Kinampanda, hayo hakuyasoma chuoni. Yamo kwenye kidole gumba chake cha kulia, chenye kovu linalong’aa kama nta. Fundi aliyemfundisha kazi alimwambia betri ikivimba itoboe, itoe hewa.

“Nikaitoboa kwa bisibisi,” anasema. “Ikalipuka mkononi. Wiki sita nalishwa na mama yangu kama mtoto.”

Tangu siku hiyo hakuna betri inayotupwa hovyo mbele yake. Akiitoa, anafunga ncha zake za umeme kwa utepe, anailaza kwenye kopo la mchanga, kopo linaingia kwenye kabati la chuma alilochomelea mwenyewe kwa mapipa. Kompyuta iliyokufa anaitoa diski na kuitoboa mwenye mali akiona, ili siri za watu zisizagae. Na kila mteja anaondoka na somo lilelile: usichaji juu ya godoro, usilalie, ikivimba izime na uniite, usiniletee.

Mpaka leo ana betri 61, kutoka shule mbili na zahanati moja. Wanunuzi wa vyuma chakavu walizitaka zote kwa laki tatu taslimu. Mwezi mzuri yeye anapata laki nne.

“Nilizitamani, nisidanganye,” anasema. “Lakini hao wakishatoa shaba, kinachobaki wanakichomea bondeni. Na bondeni ndiko tunakochota maji.”

Ila sheria haiangalii roho nzuri. Kukusanya taka za kielektroniki kunahitaji kibali, na yeye ameshakataliwa mara mbili: mara ya kwanza hakuwa na mtungi wa kuzimia moto, mara ya pili kabati lilikuwa limegusa ukuta. Mkaguzi anarudi kesho saa tatu. Akipewa, betri zinasafirishwa kwa kampuni inayozivunja kitaalamu. Akinyimwa, barua ya kumkatalia mara ya pili imeshamwambia: zote 61 zirudi zilikotoka, kwenye stoo za shule, katikati ya madaftari ya watoto.

Na sasa kuna hili la leo. Masharti yanasema moshi, moto au jeraha lolote liandikwe siku hiyohiyo kwenye daftari la matukio. Daftari la Damari lina miezi kumi na moja bila hata nukta.

“Dada, usiandike,” Ignas ananong’ona, ameacha kucheka. “Mkaguzi ni kesho! Nani ameona?”

“Wewe umeona.”

“Mimi? Mimi nilikuwa nauza vocha.”

“Hata mimi,” anasema Mwalimu Fabiano, “kosa ni langu, siwezi kukuponza. Sitasema.”

Damari anang’ata kalamu. Anatazama kabati, anatazama ua. Akiandika, huenda ndiyo sababu ya kunyimwa mara ya tatu, na hakuna mara ya nne. Ukurasa mweupe unapendeza, jamani!

“Mwalimu, unafundisha nini?”

“Hesabu.”

“Mwanafunzi akikuletea jibu bila njia?”

Mwalimu anakuna kichwa. “Namkata maksi.”

“Basi na mimi naonyesha njia.” Anaandika: saa 4:10, moshi, kompyuta ya mteja, imefukiwa mchangani uani, hakuna aliyeumia. Sababu: kukandamizwa na magunia mawili ya alizeti. Anamsogezea mwalimu kalamu, asaini kama shahidi. Mwalimu anasaini. Ignas anaguna, anasaini chini yake.

Kibali kikitoka, anataka kabati kama lake liwe Mkiwa, jingine Kinampanda, mtu asipakate moto kwenye basi tena. “Mkiwa mlinzi wa kabati ninaye,” anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. Mwalimu Fabiano hana pa kuficha uso.

Jioni simu inaita. Ni mama yake, Dorkas, kutoka Kinampanda.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Wamekupa?”

“Anakuja kesho saa tatu.”

“Na leo kumekuwaje?”

Damari anatazama karai uani, mchanga umetulia tuli.

“Leo kuna jambo, mama, lakini nikikuambia sasa hutalala. Kesho, mkaguzi akishaufikia ule ukurasa, nakupigia nikueleze yote, la leo na la kwake.”