Fundo la Mbeleko

Kalista alirudishwa kwao kwa sababu ya kifua cha mwanawe. Wapo wanawake waliorudishwa kwa ulevi, wapo waliorudishwa kwa mdomo, na yeye mdomo alikuwa nao, lakini hakuna aliyeutaja. Walitaja kifua.

Timoth alizaliwa upande wa kulia wa kifua ukiwa bapa kama ubao wa kukatia mboga. Mwanzoni hakuna aliyeona, maana mtoto mchanga ni mashavu na tumbo tu. Alipoanza kutambaa ndipo mama mkwe, Cornelia, alipomvua shati juani, akamgeuza huku na huku, akamwita mwanawe Alois aje atazame. Alois alitazama. Kutazama ndiyo kazi aliyoiweza maishani.

"Mkeo amembana mtoto kwa mbeleko," Cornelia alisema. "Siku ile ya ntumba. Nyama imekufa."

Siku ya ntumba Kalista aliikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yake. Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha na majani yalikuwa hayajafukiwa. Ufipa nzima ilikuwa imeinama ikipindua udongo kutengeneza ntumba, yale matuta ya mviringo. Yeye mgongo ulikuwa bado haujapona uzazi. Aliomba abaki nyumbani na mtoto. Cornelia akasema katika boma lake ntumba hazimsubiri mzazi, akamchukua mtoto, akamweka mgongoni kwa Kalista, akafunga mbeleko kwa mikono yake mwenyewe. Alivuta fundo mpaka Kalista akakohoa.

"Fundo langu halilegei," alijisifu.

Kalista alipomkumbusha maneno hayo, Alois alitazama chini. Wakampa sanduku lake la bati na jembe lake. Mtoto akabaki, kwa kuwa mahari ilikwisha kutolewa. Tangu hapo, katika boma lile hakuna aliyemwita Mama Timoth. Aliitwa Yule wa Mbeleko.

Alihamia mjini, Katandala, akawa anauza unga wa ulezi. Kila mteja alisimuliwa nani hasa alifunga fundo lile. Wengine walinunua kidogo kidogo ili warudi kusikia zaidi. Wengine walileta pesa kamili wasikawizwe. Jambo moja hakumsimulia mtu: kwamba shambani, mchana kutwa, angeweza kulilegeza.

Timoth alikua, akaja mjini mwenyewe kumtafuta mama yake. Wenzake walimwita Nusu Kifua, naye akaitika. Akawa mbeba magunia kwenye stoo ya nafaka Majengo, akiyadaka kwa mkono wa kushoto. Alipata mchumba. Harusi ikapangwa baada ya mavuno, na Alois akatuma ujumbe kwamba kiti cha mama wa bwana harusi atakikalia Monika, mke wake wa pili. Aliyembana mtoto hawezi kukalia kiti cha mama.

Kalista alikwisha kushona gauni. Alilikunja, akaliweka ndani ya lile sanduku la bati.

Wiki ileile gunia la mahindi liliteleza kutoka juu ya rundo. Timoth akalidaka kwa mkono wa kushoto ulionyooka, akasikia kitu kinachanika ndani kama kitambaa. Kulipokucha, kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko alikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

Kalista alipofika hospitali, alimkuta Cornelia ameshakaa kwenye benchi na fimbo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe umekuja."

"Ni mwanangu."

"Nimesema si mwanao?"

Wakaingia wote kwa daktari, kijana anayeitwa Kheri. Alimvua Timoth shati, akabonyeza kushoto, Timoth akauma meno.

"Huu msuli wa kifua umekaa kama upepeo," daktari alisema. "Unaanzia kwenye mtulinga na mfupa wa kidari, unakusanyika kuwa kano moja, kano inashika mfupa wa mkono huku juu. Yako imechanika, ila haijakatika yote. Mkono utaufunga kwa kitambaa shingoni, na magunia usiyasogelee mpaka nikuruhusu." Kisha akahamia kulia. "Na huku ulipasuliwa lini?"

"Sijawahi kupasuliwa."

Daktari akamwekea kiganja, akamwambia akisukume. Akapapasa chini ya mtulinga, akashuka. "Ukanda wa juu upo. Wa kidarini haupo, na ule mdogo wa chini yake haupo. Umezaliwa hivi."

"Alibanwa na mbeleko," Cornelia alisema.

"Hapana, bibi. Mbeleko haiwezi. Ungembana hivyo, zingeanza kuvunjika mbavu. Msuli ulioumia huacha alama: tazama kushoto, damu imevia, nyama imejikunja. Kulia hakuna hata kovu. Huu haukuumia. Haukuota, tangu tumboni, mimba ikiwa changa."

"Mama yake alikula nini?"

"Hakuna alichokula. Hutokea tu."

"Sasa mimi magunia nimebeba na nini miaka yote?" Timoth aliuliza.

"Mgongo na bega. Mwili huazimana."

Cornelia aliegemeza kidevu kwenye fimbo. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeongea na fimbo yake:

"Kumbe si mimi."

Kalista alimgeukia. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa akisubiri kuambiwa kumbe si wewe. Hakujua kwamba lile fundo lilikuwa likiwanyima usingizi watu wawili.

"Mama," alisema, "utamwambia Alois."

"Nitamwambia."

"Mbele za watu."

"Nimesema nitamwambia. Unataka nipige na ngoma?"

Siku ya harusi upepo ulikuwa mkali, mashemeji wamevaa makoti juu ya suti. Cornelia alisimama kabla pombe ya ulezi haijagawiwa, akaelekeza fimbo.

"Mama Timoth yule pale. Mpeni kiti."

"Si tuliambiwa alimbana mtoto?" mtu akauliza.

"Daktari amekataa," alijibu, akaketi. Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote.

Kiti kizuri Monika alikwisha kukikalia, na hakuonekana kuwa na haraka. Kalista akaletewa cha plastiki kilichofungwa waya mguuni. Alikalia hichohicho, na gauni lake lenye mikunjo ya sandukuni, kando ya mwanawe mwenye mkono shingoni.

Zawadi zilipofunguliwa, bibi harusi alitoa kitenge kipana. Cornelia akakipapasa.

"Hiki cha mbeleko," alisema. "Mjukuu utamfunga wewe, Mama Timoth?"

"Mfunge wewe, mama. Fundo lako halilegei."

Wanawake waliokaa karibu walitazama vikombe vyao. Cornelia alikikunja kitenge, akakiweka mapajani mwa Kalista.

"Utamfunga wewe," alisema. "Mimi vidole vimechoka."