Uumbaji na Maharage ya Darasa la Tano

Siku yangu ya kwanza kazini, pale shule ya Kerende, mwalimu mkuu alinidai andalio la somo kabla hata sijapata kiti. Andalio ni karatasi ya kusema utafundisha nini, kwa njia gani, na utajuaje kama watoto wameelewa. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na shati jipya.

"Shati halifundishi," akasema. Nikaandika andalio nimesimama.

Leo nastaafu ualimu wa kujitolea nikiwa na miaka ishirini na sita. Chekeni tu, lakini nyie mnaoanza, nisikilizeni.

Kutoka Kerende nilihamia Nyambureti, sayansi darasa la tano. Huko mwalimu wa kujitolea analishwa na wazazi, na chumba wanampa wao. Kamati ya shule ikikukataa, unafunga begi.

Siku moja akaja Mzee Marwa, mjumbe wa kamati, babu wa mwanafunzi wangu Ghati.

"Shikamoo, tata," nikamwamkia kwa neno la huko la kumwita baba.

"Marahaba. Daftari la mjukuu wangu linasema 'viumbe hai'. Kiumbe si ameumbwa? Mbona humtaji aliyemuumba? Fundisha uumbaji humo humo kwenye sayansi, la sivyo Ijumaa kamati itakujadili."

Mwalimu mkuu wa pale akaninong'oneza, "Kubali tu, kijana. Utalala wapi?"

Mimi ni mwanakwaya, na nilitamani sana kukubali. Nikamwomba mzee aketi darasani kwanza.

Tulikuwa tumeotesha maharage, mengine juani, mengine kabatini. Kila mtoto alichora safu mbili: nilichodhani, nilichoona. Ghati alidhani ya kabatini hayataota kabisa. Tukafungua. Yameota! Marefu, membamba, ya njano. Akaandika, "Nimekosea." Nikampa vema, darasa likapiga makofi.

"Unampa vema kwa kukosea?" mzee akashangaa.

"Ndiyo sayansi yenyewe, tata. Tunadhani, tunapima, tukikosea tunafuta. Nikiuleta uumbaji hapa, lazima nimruhusu Ghati aupime nao, na pengine aandike umekosea. Utakubali?"

"Thubutu!"

Watoto wakaangua kicheko, na mzee naye akashindwa kujizuia.

"Basi tuuache kwenye kipindi cha dini," nikasema. "Kule tunasali, hatupimi."

Mzee akainuka, akaondoka. Ijumaa, kwenye kikao cha kamati, akasimama wa kwanza.

"Huyu abaki. Nilimletea Mungu wangu ampime, akakataa."

Najivunia kazi hii mpaka kifua kinajaa. Sasa naingia chuo cha ualimu. Nyie mkiulizwa swali kama lile, msimcheke anayeuliza. Mzee Marwa hakuwa na ugomvi na sayansi, aliogopa mjukuu wake atatoka darasani hataki tena kusali naye. Jumapili ile niliwaona wakienda kanisani wameshikana mikono, Ghati akimweleza njia nzima kwa nini jani bila mwanga haliwi la kijani, na mzee akiuliza, "Enhe, halafu?"